Barua Iliyomfuta Aslaug Skarvik

Wafiwa wenzetu wa Skarvbukt, na ninyi mliovuka mlima tangu asubuhi kutoka bara, mchungaji ameomba historia hii isizidi ukurasa mmoja, kwa sababu kaburi limechimbwa kwa taabu na udongo unaganda tena upesi, lakini familia imeandika kurasa tano na zitasomwa zote. Anayesoma ni Oddmund, kaka wa marehemu, si kwa kuwa anastahili, na mtasikia kwa nini hastahili, ila kwa kuwa katika nyumba ya Edvin na Hilja hakuna mwingine aliyebaki.

Marehemu Aslaug Ellen Skarvik alizaliwa tarehe 14 Februari 1961, hapa hapa Skarvbukt, katika nyumba ya manjano iliyo juu ya gati, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Edvin Skarvik na Hilja Rautio, ambao wote wametangulia. Kwa karatasi, baba yake alikuwa Mnorwei, lakini babu yake alizaliwa akiitwa Sarre, jina la Kisami, la wenyeji wa asili wa kaskazini hii, akalibadilisha mwaka 1931, kwa sababu enzi hizo aliyekwenda kuomba ardhi ya serikali bila jina la Kinorwei mdomoni alirudi mikono mitupu. Mama yake alikuwa Mkveni, wa wale ambao mababu zao walikuja kutoka Ufini wakikimbia njaa, wakaoa na kuolewa katika ghuba hii, na wajukuu zao bado wanaulizwa watarudi kwao lini. Katika chumba cha nyuma aliishi bibi Ellen, mama yake Edvin, ambaye Kinorwei chake kiliishia kwenye sukari, chumvi na mafuta ya taa, na ambaye kila alipokuja mgeni mwenye mkoba alipelekwa zizini akakae na kondoo mpaka mgeni aondoke. Aslaug alilala chumba kimoja na bibi huyo kwa miaka kumi na mitatu, na humo alikipata Kisami bila mtu kumfundisha, kama watoto wengine wanavyopata mafua.

Mezani kwa Edvin palikuwa na lugha tatu na ruhusa ya moja. Edvin alijifanya hasikii lugha aliyonyonya nayo, Oddmund alimfuata baba yake katika kujifanya huko, Hilja na mkwewe hawakuwa na maneno ishirini ya kuelewana, na hivyo kazi ya kupeleka maneno kutoka upande mmoja wa meza hadi mwingine ikamwangukia mtoto mdogo kuliko wote. Bibi alikuwa akisema, "Mwambie huyo baba yako, mimi ndiye niliyemfuta makamasi, asinifanye bubu nyumbani mwangu," na Aslaug, wa miaka sita, akageuka na kusema kwa Kinorwei, "Bibi anasema samaki wa leo ni mtamu." Baba, ambaye alikuwa amelielewa kila neno lilivyotoka, akajibu, "Mwambie anyamaze, mtu wa posta anapita nje," na mtoto akapeleka, "Baba anasema ule taratibu, bibi, usikwamwe na mwiba." Wengi wenu mmesema wiki hii kwamba Aslaug alijifunza uongozi katika chama, lakini kaka yake anajua aliujifunza pale, kati ya viazi na maini ya samaki. Familia inakiri kwamba ilimpenda kwa jinsi alivyoturahisishia maisha, na kwamba hakuna hata mmoja aliyeuliza maneno makali aliyokuwa akiyameza njiani yalikuwa yanakwenda wapi.

Mwezi Agosti 1968 alipelekwa shule ya bweni, kilomita sitini kutoka nyumbani, ambako Kisami na Kikveni vilikuwa marufuku hadi chooni, na ambako watoto wenzake, wakiisha kuchunguza mashavu yake na kusikia jina la mama yake, walimwita nusu Mlapi, kama Wasami wanavyotukanwa, nusu Mkveni, Mnorwei wa Jumapili. Hakulia, au kama alilia hakuonwa, kwa sababu alikuwa na kazi. Walikuwapo wasichana wadogo kutoka bara wasiojua neno la Kinorwei, na mmoja wao alipokuwa akisema atatembea kwa miguu juu ya barafu mpaka kwao, Aslaug alimwambia mlezi wa bweni, "Anaumwa tumbo, anaomba alale karibu na mimi." Alipofika miaka tisa walimu walikuwa wakimwita ofisini kila palipotokea fujo, amalize yeye, na mwalimu mkuu alimwandikia Edvin kwamba binti huyu atakuja kuongoza watu, barua ambayo Edvin aliiweka katika Biblia.

Mwaka huo huo, mwezi Novemba 1970, zilikuja fomu za sensa, na za huku kaskazini zilikuwa na maswali ya ziada, kama mtu anajiona Msami, kama wazazi wake walizungumza Kisami, na mababu zake pia. Edvin aliwaketisha watoto wote wawili mezani wakati anajaza, akaandika hapana, hapana, hapana, huku mama yake mzazi yuko hatua mbili tu kutoka hapo, kando ya jiko la kuni, anasokota sufu na kusali kwa Kisami. Kisha akamgeukia Oddmund, ambaye alikuwa na miaka kumi na mitano, akamwambia, "Wewe ndiye mkubwa. Ikija karatasi, kutoka kwa yeyote, siku yoyote, jibu letu ni moja. Umesikia?" Oddmund akasema amesikia, na hakuna mwana aliyewahi kumtii baba yake kwa muda mrefu kiasi hicho.

Bibi Ellen alifariki mwaka 1974. Marehemu aliendelea na masomo Tromsø, akahitimu uuguzi msaidizi tarehe 12 Juni 1980, akarudi kuajiriwa katika nyumba ya wazee ya halmashauri yetu, ambako aligundua jambo ambalo wengine walikuwa wakilitazama kila siku bila kuliona, kwamba mzee wa huku akili zinapoanza kumwacha, Kinorwei ndicho kinachotangulia kuondoka. Kulikuwa na mzee mmoja aliyepiga kelele kila asubuhi tangu Krismasi, akawa anapewa dawa za kumtuliza, na Aslaug alimsikiliza siku yake ya kwanza kazini, akawaambia wenzake, "Anasema viatu vinambana." Alipokwenda halmashauri kuomba kila zamu iwe na mtu anayejua lugha za wazee, alionyeshwa mafaili na kuulizwa ni wazee gani anaowasema, mbona wote wameandikwa Wanorwei. Alirudi nyumbani akamwambia kaka yake, "Siwezi kuwabadilisha waliomo mle kwenye kikao, kwa hiyo nitaingia mimi."

Tarehe 23 Juni 1984 alifunga ndoa takatifu na Hallgeir Sivertsen, dereva wa gari la kuondoa theluji, mwanamume asiyetumia maneno mengi, jambo ambalo marehemu alisema lilimpumzisha, na wakajaliwa watoto wawili, Synnøve mwaka 1986 na Jomar mwaka 1989. Watoto hao waliimbiwa kwa lugha zote tatu, na Edvin aliposikia Kisami kikiimbwa juu ya kitanda cha mjukuu wake alitoka nje kwenda kutazama nyavu, na alirudi macho mekundu. Edvin alifariki mwaka 1998 bila kulizungumzia jambo hilo.

Katika uchaguzi wa mwaka 1991 marehemu aliingia halmashauri, mwaka 1996 akapata alichokuwa amekifuata, nafasi mbili za wauguzi wanaojua Kisami na Kikveni katika kila zamu ya nyumba ya wazee, na mwaka 1999 akawa naibu meya. Mnaokumbuka ugomvi wa wafugaji na wenye mashua mnakumbuka pia jinsi alivyowaketisha usiku mmoja na kuwatoa asubuhi wakicheka, kila upande ukiamini kwamba umeshinda. Wasami wa bara walimcheka, wakisema Kisami chake ni cha bibi kizee anayekemea mbuzi, naye akawajibu kwamba ni kweli, ila mbuzi walikuwa wanasikia. Mapema mwaka 2005 chama chake kilimweka wa kwanza katika orodha yake ya wagombea wa Bunge la Wasami, na watu wazima, wasiopenda mzaha, walianza kusema kwamba baada ya miaka minne au minane mwanamke huyu wa pwani, mwenye damu tatu, ndiye atakayeliongoza. Alihutubia kwa lugha tatu, akihama katikati ya sentensi, na wazee wa ghuba hii waliokuwa hawajawahi kusikia lugha yao ikitoka kwenye kipaza sauti walivua kofia.

Mwezi Aprili mwaka huo kililetwa kipingamizi. Anayetaka kupiga kura au kugombea Bunge hilo lazima awe katika orodha ya wapiga kura wa Kisami, na ili awemo lazima mzazi, babu, bibi au mzazi wao awe alizungumza Kisami nyumbani, na mpinzani, ambaye familia haitamtaja, alisema ukoo wa Skarvik ni Wanorwei watupu, karatasi zipo. Na kweli karatasi zilikuwepo, na zote zilisema alivyosema. Vitabu vya zamani vya kanisa, ambavyo vingesema tofauti, viliungua pamoja na kanisa mwaka 1944 Wajerumani walipoichoma pwani hii wakiondoka, na mama Hilja alikuwa amekwisha kuanza kusahau hata siku. Kamati ya orodha hiyo ikaomba neno la ndugu mmoja aliye hai, aliyeishi nyumba moja na bibi Ellen. Tunaambiwa kwamba Aslaug alicheka, akawaambia, "Mwandikieni kaka yangu, yeye alimsikia bibi miaka sita kabla yangu."

Barua ilimfikia Oddmund tarehe 29 Aprili 2005. Alikaa nayo siku tatu, kwa hiyo asije mtu akamtetea kwamba mkono ulimteleza. Tarehe 2 Mei, kwenye meza ile ile ya Edvin, aliandika, "Bibi yetu Ellen Skarvik alizungumza Kinorwei. Lugha nyingine sikuisikia nyumbani," akatia sahihi, akalipia stempu. Hakuhongwa wala hakutishwa. Alikuwa na miaka hamsini, ana kondoo wake, ana kiti chake kule gatini ambako watu wanataniana kuhusu Walapi tangu asubuhi hadi jioni, naye alikuwa mmoja wa waliocheka kwa sauti, na aliona kwamba akiandika ukweli atakuwa amemwita baba yake mwongo kaburini, na yeye mwenyewe atakuwa kile alichokuwa akikicheka. Alijiambia pia kwamba Aslaug atapata njia nyingine, kwa sababu Aslaug alikuwa anapata njia siku zote.

Tarehe 10 Juni 2005 marehemu alifutwa katika orodha, na jina lake likaondolewa kwenye wagombea. Magazeti yalimwita Msami wa uchaguzi, bara walisema walijua, gatini walisema ndivyo inavyokuwa mtu akijipachika ukoo, na chama chake kilikosa kiti kwa kura arobaini na moja. Alikuwa ameonyeshwa ushahidi, kama ilivyo haki ya mtu, na mwandiko wa kaka yake aliujua tangu utotoni. Jumapili iliyofuata alikwenda kwa Oddmund, akaomba kahawa, akatumbukiza jibini ndani yake kama bibi alivyokuwa akifanya, akauliza wana-kondoo wangapi wamepona mwaka huu. Alipokuwa anavaa viatu mlangoni alisema, "Ungeniambia tu kwamba unaogopa, Oddmund. Ningejiondoa mwenyewe, tusingefika huku." Oddmund akajibu, "Karatasi ni karatasi." Akasema, "Haya," akaufunga mlango taratibu.

Kuanzia siku hiyo hadi anakufa, kila aliyemuuliza alijibiwa kwamba ushahidi uliungua mwaka 1944. Hakumwambia mume wake, hakuwaambia watoto wake, aliwaacha watu wamwite mwongo kwa miaka kumi na minane na miezi minane ili kaka yake aendelee kukaa kwenye kiti chake gatini. Hallgeir ameambiwa jana asubuhi. Aliwasha gari lake akasafisha njia yote kutoka hapa hadi makaburini, na alipomaliza akaisafisha tena.

Aliacha siasa mwezi Oktoba 2005, na kwa kuwa hakuwepo wa kuzipigania, zile nafasi mbili za lugha zilifutwa katika bajeti ya mwaka 2007. Mwaka 2008 mama Hilja aliingia nyumba hiyo hiyo ya wazee, na kabla ya Pasaka Kinorwei kilikuwa kimemtoka chote, amebaki na Kikveni. Aslaug alikuja kila siku baada ya kazi. Oddmund, ambaye mama yake aliacha kumsemesha Kikveni alipofikia umri wa shule ili asitaniwe, alikaa upande wa pili wa kitanda, mwanamume mzima asiyeelewa mama yake mzazi anaomba nini. Mama alikuwa anamtazama na kusema maneno marefu, na Oddmund anauliza, "Anasemaje?" na Aslaug anasema, "Anasema wewe ni mwanawe mzuri, anakupenda." Hilja alifariki tarehe 17 Oktoba 2010. Mpaka leo kaka wa marehemu hajui kama mama yake alisema hivyo, au alisema jambo jingine na dada yake akalimeza njiani, na sasa hakuna wa kumuuliza.

Marehemu alianza kuugua mwezi Novemba 2023, akapimwa na kukutwa na kansa ya kongosho, akapelekwa hospitali Tromsø, ambako madaktari walifanya yote yaliyowezekana na hawakumficha kitu. Tarehe 24 Januari aliomba arudishwe Skarvbukt, akapewa chumba katika nyumba ya wazee aliyoitumikia. Juma la mwisho dawa za maumivu zilimwondolea Kinorwei, yakawa yanamtoka maneno ya chumba cha nyuma, ya bibi Ellen, na wauguzi, vijana wazuri waliotoka mbali, hawakuyaelewa. Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 9 Februari 2024, Hallgeir alikuwa mlimani anaifungua barabara ili watoto waweze kupita, na chumbani alikuwepo Oddmund peke yake. Aslaug alisema, kwa Kisami, kwamba ana kiu. Alilisema mara tatu. Muuguzi akaingia, ameshika fomu yake na kalamu, akauliza, "Anasema nini?" na Oddmund, aliyeelewa, ambaye maisha yake yote ameelewa kila neno, alitazama ile kalamu na kusema, "Sijui." Muuguzi akadhani ni maumivu, akamwongezea dawa. Oddmund alitoka kwenda kutafuta maji, akarudi na glasi, akamkuta amelala, na saa tano na dakika kumi mauti yalimchukua bila yeye kuamka, zikiwa zimebaki siku tano atimize miaka sitini na mitatu.

Ameacha mume, watoto wawili, mjukuu mmoja na kaka.

Familia inawashukuru madaktari wa Tromsø, inawashukuru wauguzi wa hapa, ambao hawana kosa lolote, waliuliza, na aliyejua alisema hajui. Inawashukuru majirani walioleta mikate na samaki na kuwasha jiko katika nyumba ya manjano, inawashukuru waliofanya naye kazi halmashauri, hasa wale walioacha kumsalimia mwaka 2005 na leo wamekuja, kwa kuwa walidanganywa na hawakuwa na jinsi ya kujua. Inamshukuru pia karani wa orodha ya wapiga kura wa Kisami. Oddmund alimwandikia tarehe 11 Januari, dada yake akiwa hai na mwenye akili timamu, kwamba bibi Ellen hakuwa na lugha nyingine ila Kisami, na kwamba barua ya mwaka 2005 ilikuwa ya uongo, halafu akakaa na bahasha hiyo ndani ya gari kwa mwezi mzima na siku moja, akaiposti tarehe 12 Februari, Aslaug akiwa amekwisha kufa siku tatu. Karani amejibu kwa upole mkubwa, ametupa pole, na ameeleza kwamba orodha ile ni ya walio hai.

Pumzika, Aslaug, kwa amani ambayo kaka yako hathubutu kujiombea.